UZI: Sadao Yamanaka, dairekta wa Kijapani aliyefariki na miaka 28. Muvi zake zimebaki tatu tu

Kisiki_Hai

Wakuu habari za jioni. Ukipita kila jukwaa la muvi, likitajwa Japan basi ni Kurosawa, Kurosawa, wachache wanaojiongeza watakutajia Ozu na Mizoguchi, hapo imeisha. Sina ugomvi na hao wazee, ni wakubwa kweli kweli. Ila kuna jamaa mmoja wenzake walimheshimu sana na leo hata wale wanaojiita wapenzi wa sinema za Kijapani wengi hawajawahi kukaa chini wakamtazama. Anaitwa Sadao Yamanaka. Inaniuma kwa kweli, ndio maana namfungulia uzi wake, na nitaandika kirefu kwahiyo mwenye haraka zake aje baadaye.

Kazaliwa Kyoto tarehe 8 Novemba 1909. Kyoto enzi hizo ndio ilikuwa kiwanda cha muvi za samurai, studio kibao, na huyu dogo alisoma shule ya biashara ya pale mjini ambako mwanafunzi mmoja aliyemtangulia alikuwa Masahiro Makino, mtoto wa Shozo Makino, mzee ambaye Wajapani wenyewe wanamuita baba wa sinema ya Japan. Sasa unaona mlango ulivyofunguka. 1927 kamaliza shule kaingia studio ya Makino, hajafika hata miaka ishirini. Mwaka uliofuata kahamia kampuni ya Kanjuro Arashi, huyu Arashi alikuwa steringi mkubwa wa muvi za mapanga, na kazi ya Yamanaka pale ikawa kumwandikia skripti. Kaandika, kaandika, mpaka 1932 akapewa kiti cha dairekta, ana miaka 22.

Muvi yake ya kwanza, Iso no Genta, ilikuwa bubu, imetengenezwa na kampuni ndogo tu, hakuna aliyekuwa anaitegemea. Mhakiki mmoja wa Tokyo anaitwa Matsuo Kishi akaiona, akaenda kuisifia kwenye jarida la Kinema Junpo, na kuanzia hapo jina la Yamanaka likaanza kutembea. Mwaka huo huo akaongoza nyingine kadhaa, halafu akachukuliwa na Nikkatsu, studio kubwa.

Kuanzia 1932 mpaka 1937 kaongoza muvi kama 26 hivi. Yaani miaka sita tu hiyo. Halafu jeshi likamchukua likampeleka vitani China, na tarehe 17 Septemba 1938 akafia huko hospitali ya jeshi mjini Kaifeng kwa ugonjwa wa tumbo. Alikuwa hajatimiza 29.

Kati ya hizo 26 zilizopo leo karibu nzima ni tatu. Tatu!! Za nyingine ni vipande vya dakika chache tu, vingine sekunde. Nikitoka kula nakuja na muvi zenyewe.

binti_wa_Makorora

Nimekaa mkao wa kusoma kaka Kisiki, endelea. Swali la haraka, hizo nyingine zimeenda wapi? Walizichoma au ilikuwaje?

Mzee wa Gerezani

Na mimi niulize mkuu. Umesema ya kwanza ilikuwa bubu na ni 1932, mbona Wamarekani walikuwa washaanza za sauti miaka ile?

Kisiki_Hai

Nimerudi. Nianze na mzee wangu. Shikamoo kwanza. Ni kweli Marekani walikuwa washahamia kwenye sauti, Japan wakachelewa, muvi bubu ziliendelea mpaka katikati ya miaka ya 30, na sababu moja kubwa ni watu walioitwa benshi. Hawa walikuwa wanakaa pembeni ya pazia wanasimulia muvi nzima laivu, wanaigiza sauti za wahusika wote, yaani kama ma-DJ wetu wanaotafsiri muvi vibanda umiza. Benshi wengine walikuwa na majina kuliko hata waigizaji, watu walikuwa wanalipa kiingilio kumfuata benshi fulani. Sauti ilipokuja ikawa inawaondolea mkate, wakagoma. Kaka yake Kurosawa alikuwa benshi, na alijiua 1933 wakati kazi hiyo inakufa.

Yamanaka alikuwa fundi hata kwenye bubu. Yale maandishi yanayotokea katikati ya picha, wengine waliyatumia kutoa maelezo tu, yeye aliyapanga yakawa sehemu ya mdundo, neno linakuja picha inalijibu, neno tena picha tena. Kishi alichokishangilia ndio hicho.

Dada, kuhusu zilikoenda. Filamu za zamani zilikuwa za naitreti, kitu kinachoshika moto haraka na kisipotunzwa kinaoza chenyewe. Studio zilitengeneza kopi chache, zikizunguka kwenye majumba ya sinema mpaka zikichakaa hakuna aliyeona haja ya kuzihifadhi, muvi ilikuwa bidhaa ya msimu. Nyingine zilikatwa vipande vifupi zikauzwa kama midoli ya kuonyeshea watoto nyumbani, na bahati mbaya ndio nzuri, baadhi ya vile vipande vya Yamanaka tulivyonavyo vimepona kwa njia hiyo. Halafu ikaja vita, Marekani wakapiga mabomu miji ya Japan. Na baada ya vita wanajeshi wa Marekani waliokalia nchi wakaweka udhibiti, hawakutaka muvi za kusifia mapanga na kulipiza kisasi. Hata hizo tatu zilizopona, ile ya 1935 ina sehemu za mapigano ambazo hazipo kwenye kopi tunayotazama leo.

Haya sasa tuje kwenye hizo tatu.

Ya kwanza ni hiyo ya 1935, Tange Sazen na chungu cha ryo milioni moja, ryo ilikuwa hela ya Japan ya zamani. Tange Sazen alikuwa mhusika maarufu kwelikweli Japan, samurai mwenye jicho moja na mkono mmoja, katili, mwenye chuki na dunia nzima, aliyetungwa na mwandishi Fubo Hayashi, na kwenye muvi akiigizwa na Denjiro Okochi. Kabla ya Yamanaka muvi zake aliongoza Daisuke Ito, za giza na damu. Ito akaondoka Nikkatsu, kazi ikaangukia kwa Yamanaka, na alichofanya hakuna aliyetegemea, akamgeuza yule katili kuwa mlinzi wa banda la michezo ya kulenga shabaha kwa mishale, anaishi na mwanamke mwenye banda, wanagombana kutwa nzima kama mke na mume waliochokana ila hawaachani. Mwandishi alikasirika, hakutaka hicho kitu kihesabiwe kuwa ni Sazen wake, ndio maana jina la muvi likaandikwa kama kisa cha pembeni tu.

Hadithi ni hivi, kuna chungu kibaya cha kizamani, bwana mkubwa mmoja kampa mdogo wake kama zawadi ya harusi, baadaye anagundua ndani ya kile chungu kuna siri ya hazina iliyofichwa ya ryo milioni. Kumbe huku mdogo mtu kwa hasira ya kuona kaka yake kampa takataka chungu kishauzwa kwa wanunua vitu chakavu, nao wakampa mtoto jirani anafugia samaki wake wa dhahabu. Muvi nzima watu wanakitafuta chungu mji mzima na sisi tunakiona kipo tu pale kwa mtoto.

Sasa angalia ufundi ulipo. Baba wa yule mtoto anauawa, Sazen na yule mwanamke wanabaki na mtoto mikononi. Mwanamke anaapa, kitoto hiki sikilei mimi, siwezi, sitaki. Picha inakatika. Inayofuata unamuona anamhudumia mtoto. Sazen naye hivyo hivyo, anakataa jambo kwa sauti kubwa kabisa, picha ikikatika yumo njiani analifanya. Hakuna maelezo katikati. Anarudia tena na tena na kila mara unacheka upya kwa sababu unawajua hawa watu, mdomo mkali moyo mlaini. Leo kila muvi ya vichekesho inatumia huo mkato, yeye alikuwa anautumia 1935 kwa ustadi ambao wengi mpaka leo hawajaufikia.

Na yule mdogo mtu mwenye chungu, kila siku anaaga mkewe anaenda kutafuta chungu, anaishia bandani kulenga mishale. Mwishoni hata akishajua kilipo hataki kipatikane haraka, kikipatikana atapata wapi tena sababu ya kutoka nyumbani.

Nyambizi

Mkuu umeandika vizuri ila nikubishie kidogo. Muvi tatu ni chache mno kumuweka mtu meza moja na Kurosawa na Ozu. Wenzake wamepimwa kwa kazi ya miaka 30, 40. Huyu huenda tunamsifia kwa sababu kafa mapema, watu tukisikia kijana kafa vitani tunalainika.

Kisiki_Hai

Hoja nzuri Nyambizi na naijibu kwa heshima. Kwanza weka tarehe sawa. Kurosawa kazaliwa 1910, kapishana na Yamanaka miezi michache tu. Yamanaka anakufa 1938 Kurosawa bado ni msaidizi, muvi yake ya kwanza katoa 1943. Ukimpima Kurosawa kwa kazi alizokuwa amefanya mpaka anafikisha 28, hakuna kitu cha kupima. Na 1943 hiyo hiyo Kurosawa alipotoa Sanshiro Sugata alipewa tuzo iliyoitwa kwa jina la Yamanaka, akaigawana na Keisuke Kinoshita. Maana yake wenye fani yao, miaka mitano tu baada ya kifo, walikuwa tayari wanampima kijana anayechipukia kwa jina la huyu.

Pili, nakuomba usinijibu mpaka uione ya 1937. Ile hata kama asingekufa ingekuwa ile ile.

Mzee wa Gerezani

Marahaba Kisiki. Hebu ieleze basi hiyo ya 1937.

Kisiki_Hai

Inaitwa Ninjo Kami Fusen, utu na maputo ya karatasi. Kaitengenezea studio ya Toho baada ya kuhama kutoka Kyoto kwenda Tokyo. Skripti ni ya Shintaro Mimura, rafiki yake wa siku nyingi, msingi wake ni mchezo wa kabuki, yaani maigizo ya jadi ya jukwaani ya Kijapani, ulioandikwa na Mokuami Kawatake kuhusu kinyozi aitwaye Shinza. Mpigapicha ni Mimura mwingine, Akira, ambaye alijifunza kazi Hollywood. Waigizaji wakuu wanatoka Zenshinza, kundi la kabuki lililokuwa limejitenga na mfumo wa zamani wa kurithishana vyeo likaendesha mambo yake kwa ushirika, Chojuro Kawarasaki na Kan'emon Nakamura ndio vigogo wake.

Muvi inaanza mvua imenyesha, uchochoro wa vyumba vya kupanga huko Edo, mji ambao leo ni Tokyo. Usiku mpangaji mmoja kajinyonga, samurai mzee asiye na kazi. Wapangaji wanaongea juu yake, mmoja anauliza, sasa kwanini kajinyonga kama mtu wa kawaida, si samurai wanajipasua tumbo kwa upanga? Anajibiwa upanga wenyewe alishauuza, kwenye ala alikuwa kaweka wa mianzi.

Hapo hata dakika kumi hazijaisha na heshima yote ya samurai ishazikwa. Baada ya hapo Shinza kinyozi anamshawishi mwenye nyumba atoe pombe ya mkesha wa msiba, na mkesha unageuka sherehe, watu wanakunywa wanaimba wanacheka, marehemu kasahaulika. Na Yamanaka hawalaumu hata kidogo. Ni watu wa njaa wamepata cha bure usiku mmoja.

Kisha inafuata ngoma ya wapangaji wawili waliopakana. Mmoja ni huyo Shinza, anachezesha kamari kwa siri na wakubwa wa genge wanamtafuta kwa hilo. Mwingine ni Matajuro, samurai asiye na bwana, mpole, mkewe anatengeneza maputo ya karatasi ya kuchezea watoto na ndio yanayowalisha. Matajuro ana barua ya marehemu baba yake ya kumpelekea kigogo mmoja ambaye baba ndiye aliyemsaidia mpaka akapanda cheo. Kila siku anaenda kumvizia, kila siku yule bwana anamwambia njoo kesho, leo nina haraka, mpaka siku anamkataa wazi wazi kwenye mvua kubwa, mwanaume kasimama pale barabarani analowa. Akirudi kwa mkewe anasema mambo yanaenda vizuri. Wakuu, aliyewahi kuzungushwa na mtu mwenye nafasi huku nyumbani wanasubiri majibu ataelewa kwanini sehemu ile nashindwa kuitazama nimetulia.

Shinza yeye kwa kisirani anamteka binti wa mwenye duka la rehani, hataki hela, anataka kuwaaibisha wakubwa tu. Anamficha chumbani kwa Matajuro, na Matajuro anakubali, pengine ndio mara ya kwanza maishani kafanya kitu cha kujibu mapigo maana binti huyo yule kigogo ndiye anayesimamia ndoa yake. Mwisho sitausema, ila ni mzito.

Halafu angalia picha zenyewe. Kamera imetulia, iko chini, uchochoro umenyooka mpaka mbali, na watu mbele, katikati na nyuma wote wanaonekana wazi, kila mmoja na lake. Mbele watu wanagombana, nyuma kabisa mtu anapita na shughuli zake. Unaona mtaa unaishi. Na wanaongea Kijapani cha kawaida cha watu wa miaka ya 30, Yamanaka alikataa ile lugha ya kuvimba ya muvi za kale. Kule Kyoto walikuwa kundi la watu wanane, waandishi na madairekta, wanakaa mtaa wa Narutaki, wanaandika pamoja kwa jina moja la kubuni, Kinpachi Kajiwara. Walichokuwa wanataka ni muvi za kale zenye watu wa leo ndani yake. Hiroshi Inagaki aliyekuja kushinda Oscar kwa kisa cha Musashi Miyamoto alikuwa mmoja wa hao wanane.

binti_wa_Makorora

Kaka nimeitafuta ya chungu jana usiku nikaitazama na mdogo wangu wa darasa la sita, nilijua atalala, mwenyewe ndio alikuwa ananiambia nirudishe nyuma. Pale mwanamke anaposema hamtaki mtoto tulicheka sana. Kuna sehemu mtoto anaambiwa habari za baba yake, wanamzungukazunguka Sazen anashindwa kusema, mdogo wangu akanyamaza kabisa. Hiyo ya pili ni ipi? Umeruka.

Kisiki_Hai

Hongera sana dada, na msalimie mdogo wako, ana jicho.

Ya katikati ni Kochiyama Soshun ya 1936, nayo imetoka kwenye kabuki ya Mokuami. Matapeli wawili wa mjini, mmoja mchezesha kamari mmoja mlinzi wa genge, wanajikuta wanatoa kila kitu kumwokoa binti anayeuza kinywaji kitamu cha mchele, ambaye mdogo wake mpumbavu kamuingiza kwenye deni mpaka inabidi ajiuze. Binti huyo ni Setsuko Hara, akiwa na miaka 15! Ndiyo, yule yule aliyekuja kuwa sura ya muvi za Ozu baada ya vita. Kuna sehemu binti na mdogo wake wamekaa kimya ndani, ameshaamua, na nje theluji inaanza kudondoka, mapande makubwa kama ya jukwaani. Hakuna anayelia. Kopi nyingi zina sauti mbaya, zile zilizosafishwa upya kwa 4K ni nafuu kubwa, mkizipata chukueni hizo.

Nyambizi

Nimeiona ya 1937. Sijibu hoja yangu ya kwanza, naiondoa. Ila nina swali lingine na si dogo. Umesema alienda vitani China. 1937 jeshi la Japan China tunajua lilifanya nini, Nanjing inajulikana. Tunamuongeleaje hapo?

Kisiki_Hai

Tunaongea ukweli mkuu, hakuna njia nyingine. Barua ya kuitwa jeshini ilimfikia Agosti 1937, muvi ndio inaanza kuonyeshwa. Akaenda kama askari wa miguu na kikosi cha Kyoto, na kikosi hicho kilikuwa kwenye kampeni ya Nanjing mwisho wa mwaka ule. Wachina wengi mno waliuawa pale, raia na wafungwa, na uzuri wa muvi haufuti hilo na mimi sitajaribu kulifuta. Ninachosema ni kwamba mtu aliyetumia kazi yake yote kuwaonea huruma wanyonge na kuwavua mapanga samurai alivishwa bunduki akaenda kusimama upande wa wavamizi. Hayo mawili yote ni yeye. Anayemtazama ayabebe yote mawili.

Ozu naye alikuwa askari huko huko, walikuwa marafiki, wakakutana China mwanzoni mwa 1938. Miezi michache baadaye Mto Huang He ukafurika, jeshi la China ndilo lililobomoa kingo ili kuwazuia Wajapani na wanakijiji wengi sana wa Kichina wakaangamia kwa maji yale, na ni katika hali hiyo ya maji machafu Yamanaka akaugua tumbo. Kwenye daftari lake la vitani aliandika kwamba ikiwa Ninjo Kami Fusen ndiyo itakuwa kazi yake ya mwisho, atasikitika kidogo. Na kwa wakubwa na wenzake aliacha ombi moja: tengenezeni muvi nzuri.

Marafiki walilichukua kwa uzito. Wazo aliloacha, Sono Zen'ya, wenzake wa Narutaki wakalifanyia skripti na Ryo Hagiwara akaliongoza 1939, Zenshinza wakaigiza. Kyoto kwenye hekalu la Daioji kuna jiwe la kumbukumbu yake, maandishi yake kayaandika Ozu. Mpwa wake Tai Kato naye akawa dairekta mkubwa, uzeeni akaandika kitabu kizima juu ya mjomba wake.

Mzee wa Gerezani

Ahsante sana kijana. Sisi wazee tulikua na muvi za karate na za Kihindi pale Empire na Avalon, haya hatukuletewa. Kwa mtu anayeanza, aanze na ipi?

Kisiki_Hai

Mzee wangu anza na ya chungu ya 1935, itazame na wajukuu, ina maandishi ya Kiingereza chini ila vituko vyake vinaeleweka hata bila kusoma. Halafu Kochiyama. Ya maputo iweke ya mwisho na itazame usiku wewe mwenyewe, usiitazame kwenye simu, zile picha za uchochoro ukizibana kwenye kioo kidogo wale watu wa nyuma kabisa hutawaona, na ndio wenye muvi yao.

Nikimaliza kuandaa nitaleta uzi wa Hiroshi Shimizu, dairekta aliyewatoa watoto studio akawapiga picha barabarani. Nyambizi nakutegemea kwenye ubishi.